Jina moja, bidhaa mbili: Kadi za grafiki zinavyowatega wafanyabiashara wa mipakani

Maboksi mawili yamewekwa juu ya kaunta ya duka dogo la vifaa vya kompyuta katika barabara ya Luthuli, Nairobi. Rangi ni zilezile, kampuni ni ileile, na yote mawili yameandikwa kwa herufi kubwa: RTX 3050. Bei ndiyo inayotofautiana. Ukinunua boksi la bei ya chini unabakiwa na nauli ya kurudi Arusha na chakula cha njiani. Muuzaji anasema hakuna tofauti ya maana, ila moja limeingia na mzigo mpya.

Mbele ya kaunta amesimama mama mmoja mfanyabiashara kutoka Arusha. Huvuka Namanga mara mbili kwa mwezi kufuata chaja, spika, kibodi na vipuri vya kompyuta. Safari hii ana oda ya kijana anayetaka kuunda kompyuta yake ya kwanza, ya kuhariria video za harusi na kuchezea gemu. Kijana ametanguliza nusu ya pesa kwa simu, na ujumbe wake ni mfupi: "Shikamoo mama. Naomba uniletee RTX 3050."

Ujumbe unaonekana umekamilika, lakini jambo la muhimu kuliko yote halimo. Miezi kadhaa nyuma mama huyu alipokea oda kama hiyo, akaleta kadi nzuri na ya bei, na ikakataa kuwaka kwenye mashine ya mteja kwa sababu mashine ile haikuwa na waya wa kuipa umeme. Duka lililomuuzia lilikataa kuirudisha: boksi lilikuwa limefunguliwa, na lilikuwa limeshavuka mpaka. Kadi ilikaa rafuni wiki saba ikiwa imeshikilia mtaji wa safari nzima, na mwishowe iliuzwa kwa hasara.

Kadi ya grafiki ndiyo sehemu ya kompyuta inayotengeneza picha zinazoonekana kwenye kioo. Kwa anayecheza gemu au kuhariri video, mara nyingi ndiyo kifaa ghali kuliko vyote ndani ya mashine. Vijana wengi wa Arusha, Mwanza, Mbarara au Goma wanaounda kompyuta kwa mara ya kwanza huwaagiza wafanyabiashara wanaokwenda Nairobi, Kariakoo, Kampala au Dubai. Kwa hiyo mtu anayesimama kaunta na kuchagua si yule atakayeitumia. Akikosea, gharama ya kosa huanzia upande wake.

Jina halisemi kila kitu

Chipu za kadi nyingi zinazouzwa katika masoko haya hubuniwa na kampuni mbili za Marekani, Nvidia na AMD. Kampuni nyingine kama ASUS, MSI, Gigabyte, Zotac, Palit na Sapphire huzichukua chipu hizo, huzifunga kwenye bodi zao, huweka feni na kuzitia kwenye maboksi yao. Ndiyo maana RTX 3050 moja inaweza kuonekana dukani ikiwa na majina na sura kumi tofauti.

Tofauti hizo ziko za aina mbili, na ni muhimu kuzitenganisha. Ya kwanza ni ya nje: rangi, idadi ya feni, taa na urefu wa kadi. Ya pili ni ya ndani: chipu yenyewe, kiasi cha memori na kasi ya memori hiyo. Mteja anayeanza huvutwa na ya nje. Pesa hupotelea kwenye ya ndani.

Maboksi yale mawili ya Luthuli ni mfano mzuri. RTX 3050 ya kwanza ilitoka Januari 2022 ikiwa na memori ya GB 8, na Nvidia ilitangaza bei ya kuanzia ya dola 249 za Marekani. Ina viini 2,560 vya kufanyia hesabu, njia ya memori yenye upana wa biti 128, na hula umeme wa takriban wati 130. Februari 2024 ikatoka nyingine yenye jina lilelile, ikiwa na memori ya GB 6. Hii ina viini 2,304, upana wa biti 96, na hula wati 70.

Mtu akisoma GB 6 na GB 8 hudhani tofauti iko kwenye memori tu, kama simu moja yenye hifadhi kubwa na nyingine yenye ndogo. Sivyo. Data zinazopita kati ya chipu na memori kwa sekunde moja ni GB 224 kwa ile kubwa na GB 168 kwa ile ndogo, yaani pungufu kwa robo. Viini navyo vimepungua. Ni kadi mbili zenye nguvu tofauti zilizopewa jina moja.

Ghala na geti lake

Kwa mfanyabiashara, njia rahisi ya kuelewa memori ya kadi ni kufikiria ghala. GB ni ukubwa wa ghala. Upana wa biti pamoja na aina ya memori ni geti: unaamua malori mangapi yanaingia na kutoka kwa wakati mmoja. Ghala kubwa lenye geti jembamba huacha foleni nje. Ndani ya kompyuta, foleni hiyo huonekana kama picha inayokwamakwama.

Mfano ulio wazi zaidi ni GT 1030, kadi ya bei ya chini ambayo bado hupatikana mitaani. Ilitoka mwaka 2017 ikiwa na memori ya aina ya GDDR5, inayopitisha takriban GB 48 kwa sekunde. Mwaka 2018 ikatolewa nyingine kwa jina lilelile, yenye GB 2 zilezile, ila memori yake ni DDR4 na hupitisha takriban GB 17 tu kwa sekunde. Ghala ni lilelile, lakini geti limebaki theluthi moja. Kwenye boksi tofauti hiyo huwa ni herufi chache pembeni, na mara nyingi hazisomwi mpaka kadi imeshafika kwa mteja.

GTX 1650 ina hadithi kama hiyo, ila safari hii toleo jipya ndilo bora. Ya mwaka 2019 ina GDDR5 na hupitisha GB 128 kwa sekunde. Ya mwaka 2020 ina GDDR6 na hupitisha GB 192. Zote ni za GB 4. RTX 3060 nayo ilitoka mwaka 2021 ikiwa na GB 12 na upana wa biti 192, kisha mwishoni mwa 2022 ikaja ya GB 8 yenye biti 128. Kasi ya memori ilishuka kutoka GB 360 hadi GB 240 kwa sekunde. Anayeambiwa tu alete "3060" ana nafasi ya kuleta ile dhaifu bila kujua.

Wanaofuata mzigo China wana mtego wao pia. AMD iliuza nchini humo kadi inayoitwa RX 580 2048SP kuanzia mwaka 2018. RX 580 ya kawaida ina viini 2,304, wakati hii ina 2,048, sawa na kadi ya chini yake, RX 570. Sokoni mara nyingi huitwa RX 580 tu, na tarakimu zile nne za mwisho husahaulika.

Zipo pia kadi ambazo tofauti yake ni ukubwa wa ghala peke yake. RTX 4060 Ti ilitoka Mei 2023 ikiwa na GB 8 kwa dola 399, na Julai mwaka huohuo ikaja ya GB 16 kwa dola 499. Chipu ni ileile na geti ni lilelile. Kwa anayecheza gemu za kawaida kwenye kioo cha kawaida, dola 100 za ziada hazimwongezei mengi. Kwa anayehariri video nzito, anayetengeneza picha za 3D, au anayecheza gemu mpya kwa picha za kiwango cha juu, GB 8 zinaweza kujaa, na hapo ndipo ile kubwa hulipa. Swali la kumuuliza mteja basi ni kazi gani atakayoifanya, kabla ya kuuliza ana pesa kiasi gani.

Dhaifu ndiyo iliyofaa

Mpaka hapa ingeonekana ushauri ni mmoja: nunua ile yenye namba kubwa. Katika soko la Afrika Mashariki ushauri huo umewaingiza watu wengi hasara, akiwemo mama wa Arusha.

Kompyuta ya kwanza ya kijana wa huku mara nyingi haiundwi kwa vipuri vipya. Huanzia kwenye kompyuta ya ofisini ya mtumba ya Dell, HP au Lenovo, iliyotoka Ulaya au Dubai, ambayo huongezewa rami, diski ya kasi na kadi ya grafiki. Ni njia ya busara, kwa kuwa mashine hizo ni imara na bei yake ni ya chini. Lakini zilitengenezwa kwa kuandika barua na hesabu za ofisi. Pawasaplai yake huwa ndogo, na nyingi hazina kabisa ule waya wa ziada wa pini sita au nane unaochomekwa kwenye kadi kubwa. Zaidi ya hapo, baadhi zina pawasaplai ya umbo la peke yake, hivyo haiwezekani kununua yoyote dukani na kuibadilisha.

Sloti ya ubao mama ambamo kadi ya grafiki huchomekwa hutoa umeme usiozidi wati 75. Kadi inayokula chini ya hapo inaweza kuishi bila waya wa ziada. RTX 3050 ya GB 6 inakula 70, na nyingi huuzwa bila tundu la waya huo. Ile ya GB 8 inakula takriban 130 na inahitaji waya.

Kwa hiyo kwa mteja mwenye kompyuta ya ofisini ya mtumba, kadi dhaifu ndiyo itakayowaka. Ile yenye nguvu itabaki pambo. Kwa mteja anayeunda mashine mpya yenye pawasaplai ya kutosha, hesabu inageuka, na kuokoa kwa kumletea ya GB 6 ni kumpunja. Jina ni moja, wateja ni wawili, na jibu la mmoja ni kosa kwa mwingine.

Umbo nalo lina hesabu yake. Kompyuta za ofisini ziko za mnara mrefu na ziko zile nyembamba zinazolala mezani. Nyembamba haziingizi kadi ya kimo cha kawaida. Zinahitaji kadi fupi ya nusu kimo, yenye bati fupi la kufungia nyuma. RTX 3050 ya GB 6 imetolewa na baadhi ya kampuni kwa umbo hilo, lakini si kila boksi. Kipimo kingine ni urefu: kadi ya feni moja inaweza kuwa na sentimita 17 hivi, wakati ya feni tatu inaweza kufika 30 na kugonga sehemu ya diski. Mteja mwenye rula na picha mbili za ndani ya mashine yake anaweza kumaliza suala hili kabla basi halijaondoka stendi.

Feni tatu na herufi OC

Baada ya chipu, memori, umeme na umbo kukubaliana, ndipo inapofaa kutazama kampuni na sura. Hapa wanunuzi wa mara ya kwanza hulipa zaidi ya inavyostahili.

Herufi OC kwenye boksi zina maana kwamba kiwanda kimeongeza kidogo mwendo wa chipu. Katika kazi za kawaida tofauti huwa ni ya asilimia chache, ambazo jicho halizioni. Feni mbili au tatu husaidia kadi kubwa kupoa na kutopiga kelele, jambo lenye maana katika miji ya joto kama Mombasa, Dar es Salaam na Bujumbura. Lakini kwa kadi ya wati 70 feni tatu si za lazima. Taa za rangi hazina kazi yoyote katika picha.

Kati ya kadi mbili zenye chipu na memori sawa, iliyo na thamani zaidi kwa mteja wa ng'ambo ya mpaka ni ile yenye waranti inayoshikika: duka linalotoa risiti, linaloandika namba ya siri ya kadi kwenye risiti hiyo, na linaloeleza kwa maandishi siku ngapi za kubadilisha. Waranti ya mdomo huishia kizuizini Namanga.

Kadi za kubandikwa jina

Tishio jingine ni kadi za kughushi. Mtindo unaojulikana ni kuchukua kadi ya zamani, kama GTS 450 ya mwaka 2010 au GTX 550 Ti ya mwaka 2011, na kubadilisha programu iliyomo ndani yake ili ikichomekwa ijitambulishe kuwa GTX 1050 Ti, ambayo ni ya mwaka 2016. Kompyuta huamini, kioo huonyesha jina jipya, na mnunuzi huondoka akiwa ameridhika. Gemu ya kwanza ndiyo humfumbua macho.

Kuna dalili. Kadi ya GTX 1050 Ti yenye tundu la VGA, lile la bluu la vioo vya zamani, ni ya kutilia shaka. Stika isiyo na jina la kampuni, boksi jeupe, na bei iliyo chini mno kuliko maduka yote ya jirani ni dalili pia. Kipimo cha uhakika zaidi ni programu ya bure ya GPU-Z, inayofanya kazi kwenye Windows. Huonyesha jina la chipu, idadi ya viini, aina ya memori na upana wa biti, na tangu mwaka 2018 imekuwa ikiweka neno la kuonya mbele ya jina la kadi nyingi za kughushi inazozitambua. Duka lenye nia njema halikatai kuchomeka kadi kwa dakika kumi. Likikataa, jibu limeshapatikana.

Programu hiyohiyo hutegua mtego wa maboksi pacha. Viini 2,560 au 2,304, biti 128 au 96, GDDR5 au DDR4: vyote viko kwenye ukurasa mmoja, na picha yake ikitumwa kwa mteja kabla ya kulipa huwa ushahidi wa pande zote mbili.

Kwa kadi za mtumba, tahadhari inaongezeka. Hadi Septemba 2022, sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilikuwa ikichimbwa kwa kadi za grafiki, nyingi zikifanya kazi usiku na mchana. Mfumo wake ulipobadilika mwezi huo, kadi nyingi za wachimbaji ziliingia sokoni. Si zote mbovu, lakini feni zake huwa zimechoka. Kadi ya mtumba ifanyiwe kazi nzito kwa nusu saa mbele ya mnunuzi: ikizima, ikipiga kelele ya kukwaruza au ikitoa madoa kwenye kioo, iachwe.

Forodhani

Wafanyabiashara wengi wadogo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wamezoea utaratibu rahisi wa forodha kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, unaotumia cheti cha uasili wa bidhaa kinachotolewa palepale mpakani. Utaratibu huo ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama. Mahindi, maharage na vikapu vinaingia. Kadi ya grafiki iliyotengenezwa China au Taiwan haiingii, hata kama imenunuliwa Nairobi na ni ya dola 200 tu.

Maana yake ni kwamba kadi hutangazwa kama bidhaa ya kutoka nje ya Jumuiya, kwa ankara ya duka, na kodi za nchi inayoingia huhesabiwa. Kiwango cha kawaida cha VAT ni asilimia 16 Kenya na asilimia 18 Tanzania na Uganda. Kabla ya kumtajia mteja bei, ni vizuri kumuuliza wakala wa forodha jumla itakayolipwa. Ankara iandike jina kamili pamoja na GB, kwa sababu "kadi ya kompyuta" peke yake humwacha ofisa akadirie thamani mwenyewe, na pia humnyima mnunuzi ushahidi pale bidhaa isipolingana na ilichoagizwa.

Maswali manne kwenye simu

Luthuli, mama wa Arusha hakulipa papo hapo. Aliyapiga picha maboksi yote mawili upande wa nyuma, akamtumia kijana, kisha akampigia. Mashine ni ya aina gani? Ndani kuna waya wa pini sita au nane ambao haujachomekwa popote? Ni mnara au ni ile ya kulala, na nafasi ni sentimita ngapi? Kazi hasa ni ipi?

Kijana alifungua mfuniko wa kompyuta yake akiwa bado kwenye simu. Ilikuwa ya ofisini, ya mtumba, ya mnara. Waya hakuuona. Kadi aliyokuwa akiifikiria kila siku, ile ya GB 8 aliyosikia wenzake wakiisifu, isingewaka kwake. Alinyamaza kidogo, akauliza kama hiyo nyingine ni mbaya. Akajibiwa kwamba ina nguvu pungufu, lakini ndiyo itakayofanya kazi kwenye mashine yake, na kwamba bei yake inambakizia pesa ya kuongeza rami.

Muuzaji aliichomeka kadi ya GB 6 kwenye mashine ya majaribio, GPU-Z ikaonyesha viini 2,304 na biti 96, picha ikatumwa Arusha, na ndipo pesa ikatoka mkobani. Risiti iliandikwa namba ya kadi. Jioni ileile boksi lilikaguliwa Namanga pamoja na chaja na kibodi, likiwa na ankara yake.

Maswali yale manne sasa yamehifadhiwa kwenye simu ya mama huyo kama ujumbe uliokwisha kuandikwa. Kila oda ya kadi inapoingia, hutumwa kwanza, na mteja asiyejibu yote manne haletewi kadi.